Kifungu cha Bakuli

"Serikali inawatangazia wananchi wote, waliopo na watakaozaliwa, kwamba kuanzia leo asubuhi taka zimefutwa nchini. Hakuna tena kitu kiitwacho taka. Kilichokuwa kikiitwa taka sasa kitaitwa rasilimali iliyochelewa, na mwananchi atakayeonekana akiitupa atahesabiwa kuwa amemtupa ndugu yake."

Tangazo hilo lilitiwa saini na Mheshimiwa Shaweji Mwinyigogo, Waziri wa Mzunguko na Marejeo, likabandikwa kwenye kila ukuta wa nchi yetu. Kwa ajili ya kuokoa karatasi lilichapishwa mgongoni mwa tangazo la mwaka uliopita, na kwa kuwa wabandikaji hawakuambiwa upande upi ndio mpya, nusu ya mji mkuu ilisoma kwamba kutupa taka mapema ni uzalendo. Polisi wetu, ambao ni watu wa haki, walikamata nusu zote mbili.

Mheshimiwa Mwinyigogo alisikia habari za kamatakamata akiwa anakunywa chai, akafurahi sana. Sera inayojaza mahabusu siku ya kwanza ni sera inayotekelezeka. Alikuwa mtu mzoefu. Alipata kuwa Waziri wa Maji mpaka yakakatika, akahamishiwa Barabara mpaka zikaisha, na sasa alikuwa ameletwa kwenye mzunguko, ambao kwa mujibu wa wataalamu hauishi. Lakini moyo wake haukuwa wizarani. Moyo wake ulikuwa kwenye kiti cha Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Majirani Wema.

Jumuiya hiyo ina nchi nne, yetu ikiwa mojawapo, na nchi zote zilikuwa zimetangaza nia ya kujenga uchumi wa mzunguko kwa pamoja: mabaki ya huyu yawe malighafi ya yule, mpaka eneo zima lisiwe na kitu cha kutupwa. Katibu Mkuu wake angepewa nyumba kando ya ziwa na gari lenye bendera inayopigiwa saluti katika nchi zote nne. Zaidi ya hayo, hakuna rais hata mmoja ambaye angeweza kumfukuza, kwa sababu ingebidi marais wanne wakubaliane jambo, na hilo halijapata kutokea. Mheshimiwa alikitaka kiti hicho mpaka usingizini. Mkewe aliwaambia mashoga zake kwamba siku hizi mumewe akitaka chumvi mezani husema, "Naomba kutoa hoja."

*

Mkutano wa kuandika mkataba ulifanyika hotelini, na kila mjumbe aliwekewa mbele yake chupa za plastiki za maji zenye picha ya mti. Wataalamu walieleza kwamba makontena ya mabaki yatavuka mpaka yakiwa yamejaa, yatashushwa, kisha yatarudi yalikotoka yakiwa matupu.

Mheshimiwa Mwinyigogo akainua mkono.

"Matupu?" aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kuna msiba.

"Ndiyo, Mheshimiwa," akajibu mtaalamu. "Ndivyo makontena yanavyofanya kazi."

Mheshimiwa akasimama, akafunga kifungo cha koti, kikafunguka chenyewe.

"Ndugu wajumbe, mimi nimelelewa. Mama yangu alipoletewa bakuli la mihogo na jirani, bakuli lile halikurudi tupu hata siku moja. Lilirudi na ndizi. Pasipo ndizi lilirudi na sukari kidogo. Pasipo sukari lilikaa kwetu mpaka sukari ipatikane. Leo jirani aniletee kontena zima la mabaki, nami nimrudishie chuma kitupu, kama mtu asiye na mama?"

Kila mjumbe alikumbuka bakuli la kwao, lile lenye ua jekundu na ukingo uliobanduka rangi. Mtaalamu alijaribu kusema kwamba mabaki si mihogo. Mjumbe wa nchi ya tatu akamwuliza kwa upole kwao ni wapi na nani alimlea, mtaalamu akaketi na hakuomba tena nafasi.

Hivyo ndivyo kilivyopitishwa kifungu kinachojulikana hadi leo kama Kifungu cha Bakuli: *Chombo kilichovuka mpaka na mabaki hakitarudi kitupu. Kitarudi na mabaki yasiyopungua yaliyoletwa.* Hakuna aliyepinga. Kupinga kungekuwa kukiri mbele ya mataifa kwamba mama yako alirudisha vyombo vitupu. Ikaandikwa pia kwamba nchi itakayokiheshimu zaidi kifungu hicho kufikia mkutano ujao ndiyo itakayotoa Katibu Mkuu.

Mlangoni Mheshimiwa alikutana na Bi. Kanyange Ruhinda, waziri mwenzake kutoka nchi ya ng'ambo ya mto, mama mwembamba aliyezoea kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Naye alikuwa akikitaka kiti.

"Kaka yangu, hotuba imenigusa," alisema. "Bakuli la kwanza tutaleta sisi."

"Karibu sana, dada."

"Tafadhali, usije ukakosa ndizi."

*

Bakuli la kwanza lilivuka daraja likiwa limejaa friji zilizokufa. Bendi ya polisi ilipiga, watoto walipunga majani, Mheshimiwa alikata utepe. Kisha akamwita Bwana Ndimbo, katibu wa wizara, akamwagiza ajaze kontena lile lile mabaki ya hapa nyumbani, liondoke kabla ya wiki kwisha.

Bwana Ndimbo alirudi amepauka vumbi.

"Mheshimiwa, tumezunguka nchi nzima. Hakuna kitu."

"Makopo?"

"Yamekuwa koroboi."

"Matairi?"

"Wananchi wameyavaa miguuni."

"Magunia?"

"Wamelalia."

"Mifuko ya nailoni, Ndimbo. Ilikuwa imejaa kila mtaro."

"Tuliipiga marufuku, Mheshimiwa. Ulihutubia mwenyewe."

"Na jalala la mji mkuu?"

"Majivu. Na mbuzi mmoja, amekataa kuondoka."

Mheshimiwa aliegemea kiti, uso umemwiva. Hapo ndipo ilipogundulika aibu kubwa ya taifa letu: hatukuwa na taka. Tulikuwa na wizara nzima ya kuzisimamia, yenye jengo, bendera na wimbo, lakini zenyewe hazikuwepo.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, "wananchi hawa wamekuwa wakifanya mzunguko bila kibali?"

"Inaonekana tangu zamani, Mheshimiwa."

"Huo ni mzunguko wa magendo. Tangu lini? Nani anauratibu?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Wanafanya tu."

"Mbaya zaidi."

Bwana Ndimbo alijikohoza, akapendekeza warudishe zile friji zilizoletwa. Mheshimiwa akamtazama kama mtu aliyetema mate msikitini.

"Nimrudishie jirani mihogo yake mwenyewe?"

Hata hivyo friji zenyewe hazikuwepo. Usiku mmoja tu uwanjani, na zilikuwa zimeshakuwa mabanda ya kuku.

*

Kwa kuwa mabaki hayakupatikana, ilibidi yatengenezwe. Mheshimiwa alizindua Kikosi cha Kuzalisha Mabaki, vijana wenye sare za kijani na nyundo mpya, na akawakabidhi kaulimbiu: Vunja Leo, Jenga Jumuiya.

Walianza na mali ya umma, ili serikali ionyeshe mfano. Milango ya posta ilivunjwa, ikafuatiwa na madirisha. Meza za mahakama zilivunjwa. Kiti cha hakimu kilivunjwa pamoja na hakimu, kwa sababu alichelewa kusimama. Hospitali ilitoa mizani yake, na tangu siku hiyo wagonjwa wetu hawana uzito wowote. Vitu vyote hivyo vilipakiwa, vikasindikizwa na hotuba, vikavuka daraja.

Bi. Kanyange alipiga simu.

"Bakuli limefika, kaka. Tumeshukuru. Lilikuwa jepesi kidogo, lakini tunajua mlivyo."

Neno "mlivyo" lilimkosesha Mheshimiwa chakula cha mchana. Na kontena lilirudi na mabaki zaidi, kwa kuwa yule mama naye alikuwa amelelewa, likifuatana na kontena la pili, ambalo nalo lilihitaji jibu. Kikosi kikaingia majumbani. Wakachukua vitanda vilivyokuwa vikilaliwa, baiskeli zilizokuwa zikiendeshwa na masufuria yenye ugali. Mama mmoja alipouliza kosa la sufuria lake, aliambiwa kwamba halina kosa, lina mchango.

Wananchi hawakufurahi. Wengine walijificha ndani ya makontena ili wapate kurudi na vitu vyao, na wakifika mpakani hugonga kuta na kupiga kelele wafunguliwe. Jambo hili lilichelewesha msafara mara nyingi, mpaka Mheshimiwa akatoa waraka, alioutunga mwenyewe na kuupenda: *Dereva wala askari wa mpaka asifungue kontena kwa sababu ya kelele yoyote, iwe ya kugonga, kulia, kuomba au kujitambulisha.*

Bwana Ndimbo aliuliza kama neno la mwisho lilikuwa la lazima.

"Ndilo la muhimu kuliko yote," alijibu Mheshimiwa. "Hujui watu. Mtu akiwa kwenye dhiki anajiita chochote."

*

Mkutano ulipokaribia, lilibaki kontena moja la kurudisha, lakini nchi ilikuwa haina tena cha kuvunjwa. Ndipo mtu wizarani akakumbuka vitanda vya Shule ya Bweni ya Wasichana ya Mabonde Saba: vya chuma, vya ghorofa, vizito, vyenye spring. Mheshimiwa alipoambiwa uzito wake alifumba macho kama anayesikiliza kaswida.

Alifika shuleni na msafara mrefu. Wasichana walipangwa mistari, wakaimba wimbo wa mzunguko, ambao ubeti wake wa mwisho ni ule wa kwanza. Mwalimu Mkuu, Bi. Tekla Mshindo, alimpokea. Huyu ni mama mrefu ambaye hubadilisha balbu ya ukumbi wa chakula akiwa amesimama kwa miguu yake tu, na siku hiyo alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Mheshimiwa, karibu. Nina swali moja. Watoto watalala wapi?"

"Mwalimu, kitanda ni nini?" alisema Mheshimiwa, na wapiga picha wakasogea. "Kitanda ni sakafu iliyoinuliwa. Sisi tunairudisha mahali pake. Huo ndio mzunguko wenyewe."

"Huu ni msimu wa baridi. Sakafu ni ya saruji."

"Saruji haina kunguni."

"Wana mitihani, Mheshimiwa. Mtoto aliyelala kwenye saruji asubuhi anaandika nini?"

"Ataandika kwamba alishiriki." Akamgonga begani, mkono ukiwa umeinuliwa juu sana ili ulifikie. "Mwalimu, usiwe mchoyo. Mimi nakwenda kuwa Katibu Mkuu. Nitawakumbuka."

Kikosi kiliingia bwenini. Spring zililia, vyuma vilianguka, na godoro moja lilirushwa dirishani likiwa na daftari la hesabu za mtu. Mpaka adhuhuri vitanda vyote vilikuwa ndani ya kontena, vimekunjwa kama miguu ya panzi. Vijana wa kikosi wakaenda jikoni kula wali maharage. Dereva, Mzee Chitete, alikwenda nao, kwa kuwa yeye huwa haendeshi na njaa.

Mheshimiwa alibaki akitazama. Kontena lilikuwa halijajaa. Nyuma, karibu na mlango, palibaki nafasi ya mtu kusimama, na nafasi ile ilimuuma. Alimsikia Bi. Kanyange kichwani mwake: jepesi kidogo. Akapanda ndani ili aone kama vyuma vinaweza kusukumwa, na alipokohoa, kikohozi chake kikamrudia kutoka kila upande, kikubwa, kizito, chenye heshima.

Akasimama wima. "Ndugu wajumbe," alisema.

"Wajumbe," likaitika kontena.

Alikuwa amehutubia mabunge na viwanja, lakini hajapata hadhira iliyokubaliana naye haraka kiasi kile. Akaingia ndani zaidi, akaviegemea vitanda, akaanza hotuba ya kukubali kiti cha Katibu Mkuu. Alimshukuru mama yake. Alilishukuru bakuli. Alifumba macho ili asikie vizuri.

Milango ya kontena hufungwa kwa makomeo mawili, moja la chini na moja la juu. Yote mawili yakaingia mahali pake bila makelele.

Mwanzoni Mheshimiwa alidhani giza ni sehemu ya sherehe, akasubiri makofi. Yalipochelewa alisema maneno haya, ambayo hakuna aliyeyasikia: "Fungueni. Mimi ndiye mwenye sera." Kisha akasema, "Nani hapo? Nakusikia unapumua." Kisha, baada ya kitambo, kwa sauti ndogo kuliko zote alizopata kutoa katika utumishi wake, "Mwanangu, nina kisukari cha kurithi."

Mzee Chitete alirudi ameshiba, akakuta milango imefungwa, akaweka lakiri kama taratibu zinavyotaka, akawasha injini. Msafara nao ukaondoka na ving'ora vyake, kila gari likiamini kwamba Mheshimiwa yuko kwenye gari jingine.

*

Mpakani, askari wawili walisikia kugongwa.

"Anasema yeye ni Waziri," alisema wa kwanza, sikio ukutani.

"Waraka unasemaje?"

"Asifunguliwe anayejitambulisha."

"Kautunga nani?"

"Anasema yeye."

"Basi ni mtu makini," alisema wa pili, akainua kizuizi.

Ng'ambo ya mto, Bi. Kanyange alifungua kontena mbele ya bendi na waandishi. Mheshimiwa alikuwa ameketi juu ya rundo la spring, tai yake imehamia mgongoni.

"Kaka yangu," alisema yule mama, na safari hii akatabasamu kwa mdomo mzima, "bakuli limejaa kweli."

"Dada, huu ni uhuni. Mimi ni Waziri."

"Ulikuwa ndani ya chombo?"

"Nilikuwa ndani, lakini..."

"Na chombo kimevuka mpaka?"

"Kanyange, tumetoka mbali."

"Ndiyo maana sitaki kuvunja kifungu chako, kaka. Tena ni cha mama."

Akaandikishwa kuwa mabaki, daraja la pili, kwa sababu la kwanza lilikuwa limeshachukuliwa na vitanda. Na kwa kuwa chombo hakirudi kitupu, Bi. Kanyange alitafuta kitu kisichopungua kilicholetwa. Akatuletea mawaziri wastaafu wawili wa kwao, pamoja na meya mmoja wa kusawazisha uzito. Tuliwapokea kwa bendi. Mmoja wao ndiye Waziri wetu wa Mzunguko sasa, na lazima tuseme ukweli kwamba hakuna aliyeona tofauti.

Mkutano ulipofika, nchi nne zilikubaliana kwa mara ya kwanza katika historia yao. Zilikubaliana kwamba mzunguko wa namna hii ndio uliokuwa ukitafutwa, na kila ujumbe ukaenda nyumbani na orodha ya wakubwa wake wa kupakia. Bi. Kanyange alipewa kiti. Mheshimiwa Mwinyigogo alihudhuria, akiwa kwenye meza ya maonyesho, kati ya friji na tairi la trekta. Alipoinua mkono ili apige kura aliombwa na mlinzi asiguse vielelezo.

Kurudishwa hawezi kwa sasa. Mkataba unasema mabaki yakishavuka ni lazima yaongezwe thamani kwanza. Kazi hiyo imeanza, lakini kwa taarifa tulizonazo, mafundi wameomba muda zaidi.

*

Hapa nilikusudia kumaliza. Lakini katika shule yetu kila kinachoandikwa bwenini hupita kwanza mikononi mwa Mwalimu Mkuu, na jana Bi. Tekla aliniita ofisini, karatasi hizi zikiwa mezani. Nilisimama. Kiti cha wageni kilikwenda na kontena la tatu.

"Hapa umeandika kwamba hakuna aliyeyasikia maneno yake," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kisha umeyaandika neno kwa neno."

Nikatazama viatu vyangu.

"Hata ya kisukari," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na hapa anasema anamsikia mtu anapumua. Nani alikuwa anapumua, binti?"

Basi naungama. Nilikuwa mimi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kontena, nikiutazama mguu wa kitanda changu, nilioujua kwa sababu nilichora jina langu juu yake kwa sindano nikiwa kidato cha kwanza. Sikuwa na nia mbaya kwa Jumuiya. Nilisikia mtu ndani akiwashukuru watu kwa kitanda changu, na komeo lilikuwa karibu na mkono.

Bi. Tekla alifungua ukurasa ule tena, akaweka kidole.

"Umeandika makomeo mawili."

"Yalikuwa mawili, Mwalimu. La chini na la juu."

"Andika moja."

"Lakini Mwalimu, la juu nalo lili..."

"Moja, binti. Kisha uende ukalale. Godoro lako nimeliweka mbali na mlango, kuna upepo."

Nimetii. Komeo lilikuwa moja, la chini, na nililifunga mimi peke yangu. La juu halikuwepo. Na hata kama lingekuwepo, mimi silifikii, hata nikipanda ndoo.